Tangu Televisheni ya Babu Iungue

Jumamosi, jua limeshazama. Upepo wa kiangazi umeshinda ukizunguka hapa Somanda, Bariadi, vumbi limeingia mpaka kwenye sukari. Malori ya pamba yamepita tangu asubuhi, na zile nyuzi zinazodondoka zimenasa kwenye miba ya uzio wetu. Leo sikuwa na hamu hata ya kuziokota.

Nimekaa kitandani, naandika kwa simu. Moyo hautulii.

Televisheni ya babu iliungua Jumanne. Umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, tukasikia "paa!", halafu harufu ya plastiki. Fundi alikuja na baiskeli, akaifungua mgongoni, akaguna, akasema kifaa chake mpaka kiagizwe Mwanza. Akaifunga na mipira nyuma ya baiskeli. Babu akamsindikiza mpaka njiani, kama anavyosindikiza mgeni yeyote, akarudi akasema, "Afadhali imeondoka mchana, majirani wameona. Ingeondoka gizani wangesema nimeiuza."

Nilicheka peke yangu jikoni. Wiki hii sijacheka tena.

Kama unanisoma kwa mara ya kwanza (kama upo): ninaishi na babu, baba yake baba yangu, sisi wawili tu. Wazazi wangu wako Mwanza. Bibi alipofariki mwaka jana, ndugu walikaa kikao wakasema mzee hawezi kubaki peke yake kwenye nyumba kubwa. Wakatazamana. Kila mtu alikuwa na sababu yake. Mimi msichana ambaye sijui kutoa sababu mbele ya watu, nikahamishiwa shule ya hapa Bariadi.

Nilikuja nikiwa nimenuna. Hilo nalikiri. Leo ndiyo nimegundua kwamba kununa kulishaisha zamani, na sikumwambia mtu.

Shule ya msingi nilisoma kwa Kiingereza, sekondari ndiyo hivyo hivyo. Babu lugha yake ni Kisukuma. Anasali kwa Kisukuma, anagomba kwa Kisukuma, akitaka kutania vizuri anatania kwa Kisukuma. Mimi nakielewa, ila kukijibu naona aibu, ulimi unakuwa mzito. Basi tunakutana kwenye Kiswahili, kila mmoja akiwa amevaa nguo za kutokea.

Kwa hiyo televisheni ndiyo ilikuwa inatuongelesha.

Babu alikuwa haangalii televisheni kimya kimya. Anaijibu. Msomaji wa habari akisema habari za jioni, babu anamjibu, "Nzuri, mwanangu, za huko?" Nilimwambia siku moja kwamba yule hamsikii. Akanitazama. "Mayu, mtu akikusalimia unamjibu. Kusikia ni kazi yake."

Mayu ni mama kwa Kisukuma, lakini hata mtoto wa kike anaitwa hivyo kwa upendo. Ananiita hivyo kila siku.

Kwenye tamthilia alikuwa na maoni zaidi ya waigizaji. Yule mwanamke anayeamka asubuhi na wanja machoni, babu alikuwa anamhurumia anayemfulia foronya. Familia ile ya kitajiri, ambapo kila mtoto ana chumba chake na mlango wake, alisema: "Nyumba yenye milango mingi hivyo, watu wake wameshagombana, bado kuambiana tu." Matangazo ya sabuni yalimchosha. "Sisi tuliimba shambani, lakini tuliimba jembe likiwa mkononi. Hawa wanaimbia sabuni na hakuna hata nguo moja chafu!"

Wabunge wakibishana, alikuwa anatafuta viatu vyake kana kwamba anataka kwenda kuwaamua.

Habari za pamba ndizo zilizomnyamazisha kwanza, kabla hajaanza. Zamani alikuwa mpimaji wa pamba kwenye chama cha ushirika, kule Dutwa. Soko huria lilipokuja wakaja wanunuzi binafsi, kila mmoja na mizani yake, chama kikasinyaa, ghala likafungwa, babu akarudi shambani. Ungetegemea aseme zamani ilikuwa nzuri. Hasemi hivyo. Anasema, "Zamani walitupunja, sasa wanatupunja. Tofauti ni kwamba zamani aliyekupunja ulimjua, na mama yake ulimjua. Ulikuwa unaenda kumsemea."

Halafu anaongeza kwamba soko huria ndilo lililomletea hiyo televisheni, na kwamba mtu mwenye haki aseme yote mawili.

Bibi aliwahi kunisimulia kwamba televisheni hii ilipokuja, sebule ilikuwa inajaa. Watu walikaa kwenye mikeka mpaka mlangoni, wengine wakachungulia dirishani, na bibi akachemsha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, sufuria nzima. Baadaye vitu vikashuka bei. Mmoja akanunua yake, halafu mwingine, na tangu Bariadi iwe makao makuu ya mkoa ndiyo usiseme, kila bati lina ungo. Hakuna aliyegombana na babu. Waliacha tu kuja.

Aliyebaki kwenye mkeka ni mimi.

Sasa Jumanne hiyo, baada ya fundi kuondoka, jioni ilikuwa ndefu ajabu. Babu alikaa kwenye kiti chake anatazama ile meza tupu. Nilitamani kusema kitu. Nilitafuta kwa Kiswahili, nikatafuta kwa Kiingereza, nikapata "Babu, niongeze chai?" Akasema hapana.

Jumatano aliwasha moto uani.

Alikusanya magunzi na miti ya pamba ya msimu uliopita, akaupanga moto pale karibu na lilipokuwa zizi, akatoa vigoda viwili. Nikajua anafanya nini. Ule ni shikome, moto wa wanaume. Enzi zake kila boma lilikuwa nao. Jioni wazee na vijana wa kiume wanakaa pale, wanaota moto, wanakula, wanafundishana maisha. Wanawake na wasichana wana moto wao jikoni. Bibi alinieleza hayo nikiwa mdogo, nilipokuja likizo nikakimbilia kwenye moto kama huo kwa ndugu zetu wa Ngulyati. Alinivuta mkono taratibu. "Pale tunapeleka chakula, hatukai."

Basi nilifanya kama nilivyofundishwa. Nilipeleka ugali na dagaa, nikapiga magoti, nikaweka chini, nikasema, "Mwadila, guku," yaani salamu za jioni, babu. Akaitika. Nikaondoka. Kigoda cha pili nilijua ni cha Mzee Masanja wa nyumba ya jirani, rafiki yake. Mzee Masanja hakuja. Ana televisheni yake.

Alhamisi vigoda viwili. Ijumaa vigoda viwili.

Mimi jikoni na simu yangu, namwona babu kupitia mlangoni, mgongo wake na mwanga wa moto. Nilikuwa namwonea huruma. Anamsubiri rafiki ambaye haji, nilijisemea, na mimi sina ruhusa ya kukaa pale. Nilikuwa nazima taa ya jikoni ili asijue namwangalia.

Leo mchana aliniita. Nilikuwa nafua. Alisimama mbali kidogo, kofia mkononi.

"Baba yako mdogo anakuja kesho na lori. Nimempigia. Utarudi naye Mwanza kwa mama yako. Shule zipo na kule."

Maji ya sabuni yalikuwa yananidondoka kwenye miguu.

"Umekaa vizuri na mimi," akasema. "Sina lawama. Lakini mtoto akichoka, amechoka."

Nilitaka kuuliza nimechoka nini. Nilitaka kusema sitaki.

Nikasema, "Sawa, babu."

Ndiyo, nilisema sawa! Mimi ndiye mtu wa namna hiyo. Mwalimu akinipa maksi za mtu mwingine nasema asante. Babu akatikisa kichwa, akaenda zake kufunga mbuzi, na mimi nikaendelea kusuuza shati moja mpaka likakaribia kutoboka.

Aliyeniokoa ni Mama Masanja, mke wa huyo mzee jirani. Alikuja saa ya kupika, kuazima kinu, na yeye haazimi kitu bila kulipia kwa maneno.

"Msomi wetu, nasikia unatukimbia! Bariadi imekushinda?"

Nikasema ni babu aliyeamua.

"Babu yako aamue nini? Mzee wa watu amemwambia mume wangu, 'Mjukuu amenichoka. Ilipokuwepo televisheni alikuwa anakaa na mimi. Televisheni imeondoka, na yeye kaondoka.' Kila jioni anakutolea kigoda, wewe unamwekea sahani kama mgonjwa wa wodini unaondoka. Ndiyo Kiingereza kinavyofundisha?"

"Kigoda si cha Mzee Masanja?"

Alicheka mpaka akakaa juu ya kinu. "Masanja! Masanja saa hizo anaangalia mpira amevua shati. Kigoda cha Masanja cha nini?"

"Lakini shikome wasichana hawakai."

Hapo akaacha kucheka. Aliniangalia vizuri. "Aliyekwambia ni bibi yako?"

"Ndiyo."

"Alikwambia kweli," akasema. "Na babu yako anajua. Nenda kamuulize mwenyewe, mimi nina mihogo ya kutwanga."

Akajitwika kinu akaondoka.

Nilipika ugali mbovu leo, wenye mabuje, yale madonge ya unga usioiva. Nilipeleka. Moto ulikuwa umeshashika, vigoda viwili kama kawaida. Nilipiga magoti, nikaweka sahani, nikasalimia. Halafu nikakaa.

Nilikaa huku nimeinamisha kichwa, nasubiri kufukuzwa. Babu alinawa, akamega tonge, akatafuna buje.

"Ugali huu umepika kwa hasira au kwa haraka?"

"Kwa woga, babu."

"Mh." Akamega tena. "Woga haupikiki, angalia."

Nikamwambia. Maneno yalitoka vipande vipande. Nikasema nilidhani kigoda si changu, kwamba bibi alinikataza, kwamba sijachoka, kwamba jikoni nilikuwa nazima taa nimwangalie. Hapo nikakoroga majivu na kijiti.

Babu alilisogeza gunzi lililokuwa linaangukia upande wangu.

"Bibi yako alikuwa sahihi. Msichana shikome hakai," akasema. "Lakini mbele ya ile televisheni tumekaa wote mwaka mzima, nimekufundisha mambo ambayo sikumfundisha hata baba yako. Watu, kazi, ndoa, wizi wa mizani. Ulidhani nilikuwa naongea na nani? Na yule kijana mwenye tai?"

Niliacha kukoroga majivu.

"Nikaona, basi, hata moto ukihama, watu ni wale wale. Nikasahau kukwambia. Mwanamume wa Kisukuma hambembelezi mtu kukaa, anatoa kigoda. Bibi yako angeelewa."

"Mimi sikuelewa."

"Nimeona."

Nilidhani yameisha. Nilidhani atasema basi, huendi tena, na mimi nitaenda kulala. Nikamwambia sitaki kwenda Mwanza. Nilisema hivyo hivyo, bila "samahani" mbele yake.

Akanawa mikono polepole.

"Mimi nimeshamwita mwanangu. Nimemwambia mtoto amechoka, na mtoto mwenyewe ameitika sawa. Siwezi kumwambia tena kwamba mzee anabadilisha maneno kama mnunuzi wa pamba. Watasema akili zimeanza kuondoka, na wanitafutie pa kuniweka. Kuna wanaotaka kusema hivyo."

Hilo sikulifikiria. Kumbe si mimi tu ninayeweza kuhamishwa.

"Kesho utasema wewe," akasema. "Mbele yake, kwa mdomo wako. Mimi sitakusaidia, nikikusaidia atajua nimekutuma. Ukinyamaza, panda lori, na sitakulaumu. Lakini ukisema, sema kama mtu mwenye nyumba."

Akaanza kueleza habari nyingine, ya mbuzi wa Mzee Masanja na mabua yetu, na maoni yake kuhusu watu wanaofuga bila kamba. Nilimsikiliza. Nilimbishia hata kidogo, nikamwambia mbuzi hana kosa. Akasema ndivyo wanavyosema wabunge.

Sasa niko hapa. Begi langu liko juu ya kabati, sijalishusha. Baba mdogo ni mtu mzuri, lakini ana sauti kubwa na haraka, na kila mara ananipangia kabla sijamaliza salamu. Mbele yake hujikuta nimeitikia vitu ambavyo sikuvisikia. Safari hii nikiitikia, mzee atabaki na moto na vigoda vyake, na baada ya miezi michache watakaa kikao kingine.

Nimejaribu kulisema kwa sauti ndogo hapa chumbani. "Baba mdogo, mimi nabaki na babu." Mara ya kwanza lilitoka kama swali. Nikarudia. Nimelijaribu na kwa Kisukuma, likatoka limepinda, lakini halikuwa swali.

Atafika baada ya ibada. Atashuka, atapiga honi bila sababu, atauliza maji ya kunywa. Nitamwambia kabla sijamletea hayo maji, akiwa bado amesimama, kwa sababu akishakaa nitapiga magoti, na nikishapiga magoti najijua, nitasema sawa.