Nilibandika Nafasi Kumi, ya Kumi na Moja Nikaificha

Shangazi mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Jumatatu ijayo, maana siku hiyo saa nne asubuhi nimeitwa kwa mkuu wa idara yetu, nitawekewa karatasi mbele nisaini, na mpaka leo sijui mkono wangu utafanya nini.

Mimi ni mwanafunzi wa saikolojia, mwaka wa tatu, na kila Jumatano mchana nilikuwa najitolea kupanga mafaili katika ofisi ya idara, na mojawapo ya kazi zangu ilikuwa kutoboa barua zinazoingia na kuzipachika kwenye faili la buluu, faili ambalo wanafunzi wenzangu wanalisikia tu kama watu wanavyosikia habari za majini. Shangazi, mle ndani mna barua za hospitali, vituo vya utafiti na mashirika, zote zinasema leteni wanafunzi, hapa wanataka msaidizi wa utafiti wa kumbukumbu za wazee, hapa laini ya simu ya ushauri inatoa mafunzo ya wiki sita kwa wanaotaka kujitolea, hapa kuna darasa la takwimu kila Jumamosi, bure kabisa, hapa maktaba ya hospitali inakaribisha mwanafunzi yeyote mwenye kitambulisho, na nyingine tarehe zilishapita tangu mwaka juzi na hakuna aliyeomba, hakuna hata mmoja, wakati darasani kwetu tupo zaidi ya mia na kila siku tunaulizana tukimaliza tutashika nini.

Mkuu wa idara ana utaratibu wake. Barua ikija anaisoma, inaingia kwenye faili, halafu anamnong'oneza mwanafunzi mmoja au wawili ambao yeye anaona "wamekomaa". Sisi wengine tukiuliza anasema saikolojia si mnada. Karani wa idara, ambaye tunamwita Mama Muhuri kwa sababu hakuna karatasi inayotoka pale bila yeye kuigonga, siku moja nilimsikia akimwambia, "Mkuu, lakini hizi zimeandikwa kwa wanafunzi wote." Akajibiwa, "Wewe gonga muhuri, mama, mengine niachie." Tangu siku hiyo hawaongei ila kazi.

Nikaanza kunakili. Wiki ya nne nikawa na nafasi kumi na moja ambazo bado ziko hai, na mchana mmoja watu wakiwa kwenye vipindi nikazunguka na kopo la gundi nikizibandika nyuma ya milango ya vyoo, vya bwenini na vya madarasani, mahali ambapo hata mwenye haraka lazima atulie asome. Watu wakaomba! Kijana wa darasa letu ambaye hafungui mdomo hata akiulizwa jina lake sasa yuko kwenye mafunzo ya laini ya simu, na wanasema ana sauti inayotuliza kuliko wote.

Sasa sikia ujinga wangu. Chini ya kila karatasi niliandika, "Uliwahi kuisikia nafasi hii kabla ya leo? Ndiyo au hapana," nikaning'iniza na penseli kwa uzi, kwa sababu kwenye somo la mbinu za utafiti tumeambiwa mpaka masikio yameuma kwamba usiseme kitu bila takwimu. Baada ya siku kumi nikahesabu: alama mia mbili na kumi na mbili, na mia mbili na tatu kati ya hizo ni "hapana". Shangazi, furaha ilinipanda kichwani. Nikachora grafu, nikaandika ripoti, nikaikabidhi kama kazi yangu ya muhula, jina langu juu na namba yangu ya usajili chini yake. Mwalimu wa somo aliisoma akacheka mpaka akavua miwani, akampelekea mkuu wa idara akidhani naye atacheka.

Mkuu hakucheka. Alisema nina makosa mawili, kutoa nyaraka za ofisi na kufanya utafiti kwa watu bila kibali cha kamati ya maadili. Halafu akashusha sauti: "Binti yangu, una akili, sitaki kukuharibia. Saini hapa kwamba karani ndiye aliyekupa barua na kukutuma, yaishe." Nikamwambia hakunituma mtu. Akasema nikafikirie vizuri, maana orodha ya wanaokwenda mafunzo kwa vitendo katika wodi ya afya ya akili mwezi ujao bado haijafungwa, na jina linaweza kutoka kama lilivyoingia. Nikikosa wodi nasubiri mwaka mzima.

Baba mdogo, ambaye ndiye aliyenilea na kunisomesha, nilipompigia alisema, "Mwanangu, ni saini tu. Huyo mama mwakani anastaafu, wewe ndiyo kwanza unaanza. Saini, urudi nyumbani na cheti." Mwenzangu wa chumba anasema nikisaini nihame chumba.

Na kuna jambo ambalo hata yeye sijamwambia. Nimesema nafasi zilikuwa kumi na moja. Nilibandika kumi. Ya kumi na moja ni ya wasaidizi wawili katika utafiti wa watu waliopoteza usemi baada ya kiharusi, na babu yangu alikuwa hivyo, anataka kikombe anasema "mlango", anajua amekosea, anajaribu tena, anasema "mlango", machozi yanamtoka. Nimesoma saikolojia kwa sababu ya babu. Nikajiambia wakiomba watu mia nitaikosa, nikaikunja, nikaitia mfukoni, nikaomba peke yangu. Mwisho wa maombi ni tarehe thelathini. Kila mtu pale chuoni ananiita shujaa na mimi natamani ardhi inimeze. Nifanye nini?

Mwenye Gundi

*

Mwenye Gundi, marahaba. Kaa vizuri, maana leo nitakupongeza na nitakusema, na sitakuambia ninaanza na lipi.

Karatasi ya Jumatatu usiisaini. Sioni hata kwa nini umeipa wiki nzima ya mawazo. Karani hakukupa barua, hakukutuma, kosa lake ni kusoma maneno yaliyoandikwa juu ya bahasha na kuyasema kwa sauti. Mkuu wako anatafuta fimbo ya kumchapa huyo mama, na fimbo yenyewe amekuona wewe. Unakwenda kufanya kazi kwenye wodi, binti, kwa watu ambao sentensi moja kwenye faili lao inaweza kuwafuata maisha yao yote: "mkorofi", "mwongo", "haaminiki". Siku moja kalamu hiyo itakuwa mkononi mwako. Kama utaingia humo kwa kusaini uongo juu ya mtu asiyekukosea, afadhali hiyo wodi ikukose.

Baba mdogo msalimie. Amesema vile kwa hofu, na hofu yake ni ya mapenzi, usimjibu kwa ukali. Mwambie: "Baba, hukunilea hivyo." Halafu nyamaza, mwache ahangaike nayo.

Kwenye kibali cha maadili, hapo mkuu amekushika, na amekushika pazuri. Hata swali la ndiyo na hapana, hata chooni, hata penseli ikiwa imefungwa kwa uzi wa kupendeza, ukishalifanya kazi ya darasa umewatumia watu kabla hujaomba ruhusa. Wewe unajua. Usijitetee na usilie. Andika kwa mkono wako kwamba ulikusanya majibu bila kibali, hukuchukua jina la mtu, na unaiondoa ripoti isisahihishwe. Utapoteza alama na zitakuuma. Acha ziume, utapita na zilizobaki.

Sasa tuje kwenye hilo la mfukoni. Nilikuwa nakusoma huku nakupigia makofi peke yangu mezani mpaka nikafika hapo, mikono ikashuka. Mkuu wa idara naye hakuanza na faili zima, nakuapia. Alianza na barua moja, na mwanafunzi mmoja aliyemwonea huruma, na sababu nzuri tu kama ya kwako. Ya babu yako imenigusa, sikufichi, niliweka barua chini nikatoka nje kidogo. Lakini wale wazee wanaosema "mlango" wakitaka kikombe wanahitaji mtu anayeweza kazi, na pengine mtu huyo ni wewe, na pengine ni yule kijana asiyefungua mdomo. Utajuaje kama umemfungia nje? Kaibandike leo, wala usisubiri kesho, milango ileile, na safari hii penseli yako baki nayo. Juu yake andika, "Hii nilichelewa kuibandika kwa makusudi, nisameheni," uweke jina lako. Watakucheka siku mbili. Maombi yako usiyaondoe! Kutaka si dhambi, na habari za babu ziandike vilevile ulivyoniandikia mimi, bila kupamba. Mwambie na mwenzako wa chumba kabla hajaisoma mlangoni, maana huyo ndiye rafiki.

Jumatatu usiende peke yako, nenda na kiongozi wa darasa. Barua yako iwe na nakala tatu, moja ya mkuu, moja ya mlezi wa wanafunzi, moja ubaki nayo, na zote zipite mapokezi zigongwe muhuri wa kupokelewa mchana kweupe kama karatasi nyingine yoyote. Andika kwamba barua za nafasi ulizinakili wewe mwenyewe, bila kutumwa, kwa sababu zilielekezwa kwa wanafunzi wote nawe ni mmoja wao. Omba faili liwekwe mahali ambapo kila mwanafunzi atalisoma. Akisema jina lako linatoka kwenye orodha ya wodi, usibishane, mwambie tu, "Naomba sababu kwa maandishi." Nimewaona wakubwa wengi wanaotisha kwa mdomo, na nakuambia kalamu huwa nzito sana ghafla. Na kama ataandika kweli na ukaikosa wodi mwaka huu, utauvumilia mwaka huo. Ni mrefu, sitakudanganya. Utaufanya kwenye maktaba ya hospitali, kwenye darasa la takwimu, kwenye laini ya simu, kila mahali palipokuwa pamefungwa ndani ya lile faili, na utaingia wodini ukiwa unajua zaidi ya waliotangulia.

Orodha uliyoniwekea ndani ya bahasha nimeisoma, nikashika simu. Nimepiga sehemu saba, na kila aliyepokea nilimuuliza kama nafasi yao ni siri. Bwana wa kituo cha utafiti aliniuliza kama ninamtania. Mama wa laini ya simu ya ushauri alisema, "Dada, tumewatumia barua miaka mitano mfululizo. Mpaka mwaka huu tulikuwa tunadhani kile chuo kilishafuta saikolojia."

Miaka mitano, Mwenye Gundi. Nimehesabu wanafunzi waliopita hapo ndani ya miaka mitano nikashikwa na hasira ambayo sijaisikia muda mrefu. Nikaenda kwa mhariri, nikasimama mlangoni kwake mpaka akakubali. Zile kumi ziko hapo kulia kwa safu hii, na anwani, na tarehe, na namba za simu. Ya kumi na moja sikuigusa, hiyo ni kazi yako. Gazeti linauzwa getini kwenu kuanzia leo asubuhi. Mkuu akikuuliza Jumatatu ni nani aliyezitoa safari hii, usimtafutie maneno. Mwambie ni mimi, na kwamba ofisini kwangu huwa nafika saa mbili.