Mbolezi Niliyoikatiza

Kilshanny, Clare,
Ireland.
12 Mei 1782

Mpendwa mjukuu wangu Turlough,

Wewe una miguu ya kwenda tu, ya kurudi huna? Uliondoka hapa ndevu hazijaota, umefichwa chini ya marobota ya sufu kwenye mashua ya magendo, ukawe askari wa Wafaransa kama marehemu baba yako. Sasa nasikia wewe ni kapteni wa wapanda farasi wa Wafaransa huko Amerika, mwenye kofia ya manyoya na masharubu ya kusokota. Na bibi yako hata salamu hapati.

Hujambo lakini? Kile kifua kilichokuwa kikikubana wakati wa baridi kimepona? Unakula? Mimi mzima, ila magoti yametangulia kufa. Mama yako anapumua. Zaidi ya hapo sikudanganyi.

Anayeandika ni Padre Mahon, maana mimi na kalamu hatujawahi kujuana. Nimemwapisha asitoe neno nje. Amenuna, anasema padre haapishwi na kikongwe. Nimemwambia aliandike na hilo.

Ng'ombe mwekundu amezaa. Viazi vilituozea ardhini.

Sasa kaa chini. Mdogo wako Lochlann amefariki.

Hukujua hata kwamba aliondoka. Waingereza, ambao zamani hawakutaka Mkatoliki ashike hata kisu cha kuchinjia nguruwe, sasa wanachukua vijana wetu, kwa kuwa Amerika imewamalizia watu. Lochlann alivaa koti jekundu ili mama yake ale. Usimlaumu. Sote tulikula.

Habari aliileta Murty Hehir, aliyerudi na mkono mmoja. Walikuwa pamoja Virginia mwezi wa Oktoba, wanarudi kambini na mikokoteni ya mahindi. Wakavamiwa na wapanda farasi wa Wafaransa kwenye njia nyembamba. Lochlann alikatwa upanga wa shingo. Kisha Murty akanivuta zizini, akaniambia mimi peke yangu: aliyemkata alikuwa ofisa, na alikuwa akimtukana farasi wake kwa lugha yetu, ya hapa Ireland.

Tukaweka matanga bila maiti. Tulilaza shati lake mezani, mishumaa upande wa kichwa, akaitwa Sabina Linnane aimbe mbolezi. Unamjua Sabina. Akifika mwisho humlaani aliyeua, mkono wake ukauke, uzao wake ukatike, na mama wa marehemu ndiye anayeitikia. Mama yako alishapiga magoti. Nikasimama.

"Sabina, nyamaza."

"Mama, niache nimlaani aliyeniulia mwanangu," mama yako akasema.

"Hutamlaani mtu ndani ya nyumba hii."

"Huyu bibi ana jiwe hapa kifuani," Sabina akawaambia watu. "Hata mbwa wake akifa, nani atamwimbia?"

"Wewe hapana. Kunywa pombe yako."

Tangu siku hiyo mama yako hasemi nami. Ananiwekea chakula na kunipa mgongo. Kilio kimemkwama kooni kama mwiba wa samaki, na mimi ndiye niliyekikwamisha. Lakini ningemwachaje alilaani tumbo lake mwenyewe?

Najua humo jeshini wa kwetu mko wengi. Huenda ni mwingine. Ulikuwepo kwenye njia ile? Ulimkata kijana mrefu, sikio la kushoto limepasuka? Ulipoondoka hapa alikuwa bado mtoto wa kutambaa, usingemjua. Naye asingekujua.

Padre ameacha kuandika, anafuta macho. Nimemwambia wino unakauka.

Sikia, mume wangu mdogo. Ziwa la mama yako lilipokauka, mimi ndiye niliyekunyonyesha maziwa ya mbuzi kwa kidole changu. Kama ni wewe, bado ni wangu. Siwezi kukutupa. Ila kukusemea uongo pia siwezi.

Dada yako Onora anakusalimu, amepata mapacha. Mjomba Donat anauliza kama farasi wa huko wana maana. Wasalimie vijana wa Clare walio nawe. Brigid Mtakatifu akufunike kwa vazi lake, mbele na nyuma.

Ni mimi nikupendaye, hata ungekuwa umefanya nini,
Bibi yako, Finola
(Msalaba huu nimeuchora mwenyewe.)  ✝

Padre alishaikunja karatasi, nimemfanya aikunjue. Vita ikiisha, uje. Usianzie kwangu kutafuta pa kujificha. Nenda moja kwa moja kwa mama yako, nami nitakuwa nimekaa katikati yenu. Na usitie tonge mdomoni katika nyumba hii kabla hujamwambia kwa kinywa chako: ni wewe, au si wewe.