Kidonge Tulichogawana na Ndeti

Kangemi, nyuma ya soko,
Nairobi.
Jumapili, 13 Julai 2025

Mpendwa dada Kasyoka,

Pokea salamu zangu. U hali gani, na watoto wana hali gani? Magoti ya mama bado yanamsumbua? Mimi nipo, napumua, lakini siwezi kukuandikia kwamba ni mzima, kwa kuwa sitaki barua hii iwe na uongo hata kidogo. Baridi ya Julai imeshika. Nguo nilizofua Alhamisi bado zina maji.

Sikupiga simu kwa sababu simu yako husikizwa na nyumba nzima, na hili nataka ulisome peke yako kwanza. Jirani yangu Kimanzi anasafiri kuja huko Jumanne, atakupa mkononi.

Nianze na mume wako. Shemeji Ndeti yuko hai na anakula. Nyonga iliwekwa chuma Jumatano. Daktari anasema atatembea, ila kazi ya kubeba mizigo ndiyo basi. Jana nilimpelekea chapati, akala moja, akamcheka mgonjwa wa kitanda cha pili anayekoroma kama mashine ya zege. Nilipotoka nilipitia Kenyatta Market. Watu walikuwa wamejaa wanakula nyama choma, nami sikuwa na hamu hata ya maji.

Dada, Haron hakumwangusha Ndeti.

Najua huko nyumbani mmeshakubaliana kwamba aliilegeza mbao ya jukwaa la ujenzi kisha akamsukuma, kwa sababu asubuhi ile waligombana. Ni kweli waligombana. Haron alimwita Ndeti mzee wa kusinzia, na Ndeti akamwambia akamjengee mama yake kwanza kabla ya kuwajengea matajiri gorofa. Hayo ni maneno ya mjengo. Tunatukanana hivyo kila siku, na saa saba tunakula githeri kwenye sahani moja. Mbao haikulegea. Mimi nilikuwa chini napokea ndoo, niliona kwa macho yangu. Ndeti aliinuka haraka kutoka alipochutama, akashika kichwa, akayumba, akaja chini. Haron alinyoosha mkono amshike, akakosa. Waliokuwa mbali waliona mkono tu.

Aliyemfanya ayumbe nadhani ni mimi.

Unakumbuka mwaka jana kliniki ilinipata na presha. Nikapewa vidonge vyekundu viitwavyo nifedipini, nimeze kimoja kila asubuhi. Ndeti naye alikuwa akiamka kichwa kinamgonga. Nilimwambia akapimwe, akakataa, kwa maana kwetu ukikosa siku moja unakuta mtu mwingine ameshika koleo lako. Tena aliogopa, nikwambie ukweli. Akasema kama mimi nina presha basi na yeye anayo, kwani tunabeba simiti ile ile.

Tangu Aprili nikaanza kumgawia. Chumba hiki tunagawana sabuni, blanketi, hata soksi, sikuona tofauti. Kila asubuhi nilikuwa naweka kidonge juu ya kifuniko cha sufuria na kukikata katikati kwa wembe, yeye nusu, mimi nusu. Ndeti alikuwa anapiga magoti na kunyoosha mikono.

"Mchungaji Kilonzo, leta meza ya Bwana, waumini tunachelewa kazini."

Tunacheka, tunameza, tunatoka. Tukifika barabarani uso unawaka moto na moyo unakimbia. Tukadhani ndiyo dawa inafanya kazi.

Siku tatu baada ya yeye kuanguka nilikuwa bado nakata. Nusu zake nilimwekea kando, nimpelekee hospitalini. Nikaenda kwa Stellah, msichana wa duka la dawa hapa steji, nimwombe kibahasha cha kuzitia. Alizitazama mkononi mwangu.

"Mzee, nani alikuambia ukate hizi?"

"Ni za kugawana na shemeji."

"Hii imetengenezwa iyeyuke polepole mpaka kesho. Ukiikata, yote inaingia kwa mara moja. Inafungua mishipa, presha inaanguka ghafla, mtu anaona kizunguzungu. Na huyo shemeji wako alipimwa wapi?"

Nikasema hajapimwa. Stellah hakunikaripia. Aliweka kalamu chini, akanitazama kama mtu anayetazama msiba. Kisha akanionyesha maandishi kwenye paketi yanayokataza kukata. Ni ya Kiingereza. Mimi niliacha shule darasa la sita, lakini mdomo wa kuuliza ninao, na sikuuliza.

Kesho yake ndipo ulipopiga simu kuniambia habari za Haron. Ulilia, na nyuma yako nikasikia wazee wakisema lazima familia yake iitwe barazani. Nilikuwa najua tayari, dada. Nikasema tu "ndiyo, ndiyo," nikakata simu. Hilo la simu linaniuma kuliko la wembe, kwa sababu la wembe sikujua.

Jana nilimwambia daktari. Siku alipolazwa waliuliza anatumia dawa gani, Ndeti akasema hana dawa, nami niliyesimama miguuni pake nikanyamaza. Daktari aliandika yote. Alisema hawezi kuapa kwamba ni dawa, lakini inaweza kabisa kuwa ndiyo. Halafu akaniambia wamempima Ndeti tangu aingie na presha yake ni ya kawaida. Kumbe hakuhitaji kile kidonge hata siku moja. Kile kichwa huenda ni jua na kukosa maji.

Nikamwambia na Ndeti. Akaniomba, "Usimwandikie Kasyoka. Afadhali asikie nimesukumwa kuliko asikie niliogopa kupimwa." Nimemkatalia. Usimchape kwa maneno ukija kumwona. Aliyeshika wembe ni mimi.

Leo badala ya kanisa nilikwenda Waithaka anakokaa Haron. Mnyapara alimfukuza kazi siku ile ile, na mjengo mwingine hawamchukui kwa sababu habari imemtangulia. Nilimkuta anafua. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono ikiwa ndani ya povu.

"Unajua mama yangu sasa anakwenda kisimani jua la utosi," akasema, "wenzake wakiwa wameshaondoka? Alinipigia akaniuliza, mwanangu, ulimsukuma? Mama yangu mzazi, Kilonzo."

Hakunifukuza, lakini pia hakunikaribisha ndani.

Kesho naenda kumweleza mnyapara mbele ya watu wote, ili Haron arudishwe. Najua mimi sitabaki pale. Usinihurumie, nitatafuta vibarua kwingine.

Jambo jingine, nisije nikasahau. Niliambiwa unamsagia mama dawa zake za presha kwenye uji kwa kuwa meno yamekwisha. Sijui zake ni za aina gani. Zipeleke zahanati upesi, muuguzi akuambie kama zinasagwa au zinamezwa nzima.

Wasalimie watoto wote, na mwambie mama nitakuja Desemba nikijaliwa. Msalimie pia mzee Ndambuki, na umwombe awaambie wazee wenzake waache kuita familia ya mtu. Mungu akupe nguvu ya kumuuguza mume wako, na akuwekee watoto wako mbali na kazi hii yetu.

Ukimaliza kusoma, usinijibu kwanza. Nenda kwa Kavindu, mama Haron. Usimtume mtoto, nenda wewe mwenyewe, kwa maana najua ulimfungia mlango. Mwombe akae, umsomee barua hii yote, na usiruke popote kwa kunionea haya. Akitaka kubaki nayo, mwachie.

Ni mimi ndugu yako, ninayekupenda hata ukinikasirikia,

Kilonzo