Uvamizi Aliopanga Mama

Dada yangu mpendwa,

Pokea shikamoo yangu, na ikikukuta asubuhi iweke kando kwanza mpaka watoto waende shule. Natumaini mgongo wako umepata nafuu na shemeji amerudi salama. Mimi ni mzima. Kule karakana ya miwani nasaga lenzi mpaka saa saba mchana kama zamani, na bosi ameacha kunitazama kwa huruma, jambo ninalomshukuru. Ukiuliza najisikiaje, sijisikii. Niko kama mkono ulioulalia ukaamka nao umekufa ganzi.

Juzi kwenye simu uliuliza mama alikuwa akifanya nini wiki zake za mwisho, nikajibu alikuwa akipumzika. Hakupumzika hata kidogo. Mama alikuwa vitani.

Ilianza mwezi mmoja baada ya kuvunjika nyonga. Nilikuwa nimekaa kwenye stuli kando ya kitanda chake, nikidhani amelala, nacheza mchezo wangu kwenye kompyuta. Ni mchezo wa zamu: unajenga miji, unaunda majeshi, unasogeza kila kikosi kwa nafasi yako, ukimaliza unabonyeza kitufe na maadui nao wanasogeza vyao. Hakuna anayekukimbiza. Mara nikasikia sauti ikiuliza ni mjinga gani anapeleka meli za askari kwenye mlango mwembamba wa bahari bila ndege juu yake. Nikageuka. Mama alikuwa ameshavaa miwani.

Wewe unamjua. Miaka thelathini ya kufundisha jiografia. Ramani ikipita mbele yake hawezi kuiacha ipite. Kufikia wiki iliyofuata nilikuwa namwita Jenerali, naye ananiita Koplo, na kila nikiomba kupandishwa cheo ananiambia nikaoshe vyombo kwanza.

Tulikuwa tumebaki na adui mmoja, himaya ya rangi ya zambarau, ng'ambo ya bahari, miji kumi na minne yenye reli kila upande. Mimi nilitaka kuupiga mji mkuu moja kwa moja. Mama akakataa. Alisema mwisho wa mchezo adui ana kila kitu, kwa hiyo ukimpiga kichwani anakuletea mwili mzima kwa treni. Akapanga hivi: tukusanye meli mbali, asikoweza kuona. Manowari chache zikapige kelele kaskazini ili ahamishie jeshi huko. Askari wa miamvuli washuke ndani na kukata reli sehemu tatu. Tuteke bandari ndogo ya kusini yenye uwanja wa ndege, ndege zetu zihamie hapo hapo, halafu ndipo mji mkuu. Na yote yafanyike katika zamu moja, kwa sababu ukimwachia zamu yake atazikuta meli zetu zimejaa watu, azizamishe.

Maandalizi yalichukua siku kumi na tisa. Siku moja yule muuguzi jirani yetu alikuja kumchoma sindano akamkuta anasema wa bandarini wamalizwe kwanza, asibaki hata mmoja. Alinivuta koridoni akaniuliza kama dawa zimemzidi. Mama alicheka mpaka akaomba maji. Sikuwa nimemwona akicheka hivyo tangu baba aondoke.

Sasa, dada, nifike kwenye lililonifanya niandike.

Nilikwambia mama alifariki usingizini, na kwamba kabla ya kulala alikutaja na kukuombea. Hayo niliyatunga. Nilisikia unavyolia kwenye simu, yakanitoka tu.

Siku ile soketi ya chumbani kwake ilikuwa imeungua, nikahamishia kompyuta sebuleni. Alikubali, akasema Koplo asirudi bila ushindi. Ilikuwa saa tisa alasiri. Reli zilikuwa zimekatika, bandari imeshaanguka, ndege zinatua. Akaniita. Sauti ya kawaida tu. Nikamjibu, "Nakuja, Jenerali, nakuletea mji mkuu." Baada ya muda kidogo akaita tena. Alisema, "Njoo." Nikasema, "Namalizia zamu, mama." Zilikuwa zimebaki meli kumi na moja. Nilizisogeza zote, moja moja, kwa utulivu, kama alivyonifundisha.

Hakuita tena. Nilidhani ananiachia nimalize.

Niliingia chumbani nimebeba kompyuta kwa mikono miwili, kioo kikimwelekea yeye, nikisema mji umeanguka, mama, umeanguka. Macho yake yalikuwa yakitazama mlango. Mkono mmoja ulikuwa umening'inia nje ya shuka.

Niliweka kompyuta kwenye stuli. Na kabla sijatoka kumwita muuguzi, dada, niliuhifadhi mchezo. Mkono ulifanya wenyewe. Hilo linanirudia kuliko mengine yote.

Muuguzi alisema moyo ukisimama namna ile hata daktari angekuwepo asingeweza kitu. Sikumwambia kwamba mama aliniita mara mbili. Sijamwambia mtu yeyote. Kwa hiyo ukiniuliza neno lake la mwisho, ni hilo, "Njoo," na sijui alitaka nini. Huenda ni maji. Sijalia mpaka leo, si kwa ujasiri. Nasaga lenzi, narudi nyumbani, nakunja shuka zake ambazo tayari zimekunjwa.

Nisalimie shemeji, na watoto waambie mjomba anawakumbuka. Ukitaka kunipigia, nipigie uniambie lolote, hata matusi. Ukishindwa kuzungumza nami kwa muda, nitaelewa. Ila usiendelee kuwasimulia watoto kwamba bibi yao aliondoka amelala. Aliondoka akiwa macho, ananisubiri.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba