Ukikwama, Muulize Mama Kidoti

3 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ni mgongo tu. Kidoti wangu hajambo? Anakula?

Uhamisho wa kuja tawi la huko nyumbani umekataliwa tena. Maktaba yetu ina mwongozo wa kuorodhesha vitabu, tunaousoma sisi watu, na jedwali la masharti linalosomwa na kompyuta. Haviafikiani. Mwongozo unaruhusu nafasi ya mwandishi iachwe wazi. Kompyuta ikikuta pengo inakikataa kitabu. Nimepewa niviunganishe, na mkuu kasema, "Hutoki hapa mpaka viseme neno moja." Chumba hakina dirisha. Nikirekebisha huku, kule kunaharibika.

Mwanao

20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, pole na huo mgongo. Kidoti analala vizuri kwa ile karatasi ya maelekezo ya kumlea uliyobandika jikoni siku unaondoka. Mstari wa sita, kumpapasa mgongo huku ukihesabu polepole, hafiki ishirini.

Ila nisikufiche. Jana nilimwonyesha picha yako, akasema, "Shangazi."

Kwani hiyo kazi haina mwingine?

Mama yako

2 Machi

Mama, shikamoo.

Barua yako niliisomea chooni, nikatoka macho yalipokauka.

Mwingine hayupo, na kosa ni langu. Nimeupitia mwongozo: mahali arobaini na moja pameandikwa, "Ukikwama, muulize Mama Kidoti." Niliandika mwenyewe, nikijiona mtu wa maana. Kompyuta haiwezi kuniuliza, basi inagoma. Wenzangu hawaachi kuniuliza, basi siondoki. Mlango nimejifungia mwenyewe.

Mwanao

28 Machi

Mwanangu,

Hujambo lakini? Kimya chako kinanikosesha raha. Kidoti sasa anavaa viatu mwenyewe, kushoto kulia, kulia kushoto. Picha nimeacha kumwonyesha.

Mama yako

9 Aprili

Mama, shikamoo, na unisamehe kimya.

Kila palipokuwa na jina langu nimeweka jibu, na sababu yake kwa lugha ya watu, na ubavuni sharti lake kwa kompyuta, mstari mmoja. Jana mkuu alimpa mfanyakazi mgeni kitabu kisicho na mwandishi. Akasoma, akajaza "hajulikani", kompyuta ikapokea. Hakuna aliyegeuka kunitazama. Iliniuma kidogo, sikatai.

Mkuu akaniomba nibaki kidogo niwafundishe. Nikamjibu kwa adabu kwamba yote yameandikwa. Ametia sahihi uhamisho wangu.

Nafika Ijumaa. Chukua kalamu, Mama, uende kwenye ile karatasi ya jikoni. Mstari wa sita ufute wote, uandike: muulize mama yake.

Mwanao