Dirisha la Nyumba ya Jost

Tulpehocken, Pennsylvania
Novemba 1894

Mdogo wangu Amandus,

Pokea salamu zangu mimi dada yako Sabilla, na za shemeji yako Levi, na za watoto wetu ambao hujapata kuwaona. U mzima? Huko Nebraska baridi imeanza? Mkeo, kama unaye, hajambo? Nauliza kwa kubahatisha, maana barua yako haikusema lolote juu yako mwenyewe. Miaka kumi na tisa kimya, halafu karatasi moja: "Tafadhali niandikie habari za mzee Jost Hettrich, mwanzilishi wa ukoo wetu, chama cha Wajerumani wa huku Nebraska kinatengeneza kitabu." Tafadhali! Hata mtoza ushuru huuliza hali kwanza.

Sisi huku tunashukuru, ila Baba yu kitandani tangu mavuno ya mahindi. Upande mmoja wa mwili umekufa na mdomo umekwenda kombo. Hali yake imefungamana na hayo uliyoniuliza, kwa hiyo nivumilie, nitafika kwake.

Kwanza nikuambie siku ile barua yako ilipofika. Nilikuwa uani nakoroga sufuria kubwa ya matofaa. Levi akanipa bahasha, nikautambua mwandiko wako, mwiko ukaniponyoka ukazama. Si kwa furaha, Mandes, sitakudanganya. Ni kwa hofu. Sisi tulikwisha kukuzika.

Ndiyo, tulikuzika. Mwaka wa nane tangu uondoke, Baba alirudi kutoka soko la Reading akasema amepata habari kwamba umekufa huko Magharibi, umefukiwa na kifusi machimboni. Hakuongeza neno. Alipita na buti zake za matope hadi chumba cha nyuma, akafungua dirisha la roho. Unalikumbuka: dogo, halipitishi kitu kikubwa kuliko kabichi, na halifunguliwi ila mtu anapokata roho, ipate pa kutokea, kisha lifungwe upesi isije ikarudi. Alilifungua, akasimama, akalifunga. Kengele ya kanisa ikapigwa, mchungaji akahubiri, jina lako likachongwa kwenye jiwe. Mimi mwenyewe niliziloweka zabibu kavu nikaoka pai za msiba wako, kama desturi yetu, na majirani wakazisifu. Mama alikula kipande kimoja akaenda kukitapika nyuma ya zizi. Naye alifariki majira ya baridi yaliyofuata. Nisamehe kukupa habari hiyo katikati ya nyingine. Nimetafuta mahali pazuri pa kuiweka, sikupaona.

Basi nilimpelekea Baba barua yako. Nikamwambia, Baba, Mandes yu hai, ameandika. Akanitazama kwa jicho lake zima, akasema polepole, maneno yakimtoka upande mmoja, kwamba Mandes amekufa. Akageukia ukutani. Nikaona nisimbishie mgonjwa. Nikasema moyoni, ngoja nifanye alichoomba ndugu yangu, labda nikishika kazi nitatulia.

Yale yanayojulikana na kila mtu ni haya, na unaweza kuyaandika. Jost aliletwa na wazazi wake akiwa mtoto mchanga. Walitoka Palatino, Ujerumani, wakikimbia vita na njaa, wakakaa New York, wakadhulumiwa ardhi huko, ndipo wakashuka na mto hadi hapa chini ya Mlima wa Buluu. Jost alikata msitu, akajenga nyumba hii ya magogo tuliyozaliwa ndani yake. Vuli ya mwaka 1755 alikwenda kusaga ngano. Aliporudi alikuta Walenape, wenye nchi kabla yetu, wamepita. Mkewe Maria Barbara na wavulana wawili walikuwa wameuawa uani, na binti yao Apollonia, wa miaka kumi, aliungua ghalani hata mfupa haukuonekana. Jost akaoa tena, na sisi ni uzao wa mke wa pili. Jiwe la kanisani lina majina manne.

Na jingine unalijua bila kuambiwa: Bibi wa Dirishani, ule mzimu wa nyuma ya nyumba. Ulikuwa ukijifunika blanketi hadi kichwani, ukinishika kidole, tukisikiliza kama kuna hatua nyuma ya ukuta. Baba alisema naye alizisikiliza utotoni, na baba yake kabla yake.

Nilikwenda kulisugua lile jiwe la kale nipate kulisoma vizuri. Mchimba makaburi, mzee Daniel, alinikuta nimepiga magoti akanitania kwamba nafanya mazoezi ya kuzikwa. Halafu akaniambia jambo. Ukuta wa makaburi uliposogezwa, yeye na baba yake waliyahamisha makaburi yale, na majeneza yalikuwa matatu. Nikamwambia wa nne alikuwa majivu. Akakuna kichwa, akasema hata majivu huwekwa kwenye kitu, na kama nataka kujua niwaulize akina Bechtold, kwa sababu ndio wanaokuja kulifagia jiwe hili kila Pasaka.

Akina Bechtold! Ng'ambo ya kijito, watu ambao Baba alitukataza hata kuwaazima chumvi. Hao si watu wetu, alisema, na hatukuuliza kwa nini, kama vile mtu haulizi kwa nini mlima uko upande ule.

Nilibeba kikapu cha maandazi nikaenda. Mkubwa wao sasa ni Kettie, amepita miaka tisini, amebaki na jino moja na ulimi wote. Kabla sijajitambulisha aliniambia, "Wewe wa Hettrich. Nyie mmechukua muda kuvuka kijito cha kufika magotini." Akala andazi la kwanza kimya, la pili akalisema vibaya kwamba halina mafuta ya kutosha, na la tatu akiwa nalo mkononi akanieleza, naye hakupindisha.

Alisema Apollonia hakuungua. Apollonia alikuwa bibi yake, mama wa baba yake, na alimlea mwenyewe. Walenape walimchukua mzima wakampa mwanamke aliyefiwa na binti, naye akampenda mtoto yule kwa mapenzi yote ya mama. Huku nyuma Jost aliwaosha maiti watatu, maana ndio waliokuwepo, lakini dirisha akawafungulia wanne. Ikapita miaka tisa, amani ikafanywa, askari wakawarudisha waliotekwa. Apollonia hakutaka kuja. Aliletwa akimlilia yule mama wa pili, na Kijerumani kilikuwa kimemtoka chote. Lakini alipofika kwenye kijito miguu ilijua njia. Alipanda moja kwa moja hadi mlangoni.

Jost alitoka. Mke mpya alikuwa nyuma yake na mtoto kifuani. Jost alimtazama yule msichana muda mrefu, na Kettie anaapa kwamba alimjua, kwa sababu midomo yake ilitaja jina. Kisha akasema, "Binti yangu alishatoka dirishani. Aliyetoka dirishani haingii mlangoni." Akafunga mlango na kuweka komeo.

Nilimwambia Kettie kwamba huo ni ukatili usio na mfano. Akanikaripia. "Ukatili gani? Mtu alikuwa na hofu! Alidhani mzimu umemfuata kwa kuwa alifanya mambo nusunusu, dirisha alifungua na maiti hakuosha. Halafu alishalia akamaliza. Nani ana nguvu ya kufufua kilio alichokizika?"

Msichana alikaa kwenye gogo la kupasulia kuni mpaka akina Bechtold wakavuka kuja kumchukua. Akakaa nao, akaolewa na kijana wao. Na kila jioni aliyoweza, Mandes, alivuka kijito, akaja nyuma ya nyumba yetu, akaweka kiganja juu ya lile dirisha. Hakugonga, hakuita. Jost alipigilia misumari. Watoto wa mke wa pili walipouliza ni hatua za nani, waliambiwa ni mzimu.

Yule tuliyekuwa tukimwogopa hakuwa mzimu. Alikuwa binti wa nyumba, mtu hai, aliyetaka kuingia.

Nikauliza iliishaje. Akasema Jost alipozeeka alishindwa kufa. Misumari iling'olewa, dirisha likafunguliwa, watu wakakaa kumngoja, na pumzi haikutoka. Siku zikapita, baridi ikajaa chumbani, na mzee anakodolea macho lile tundu. Apollonia aliposikia alikuja na beseni lake. Aliingia kwa mlango wa mbele, mchana, wala hakuna aliyethubutu kumzuia. Akalifunga dirisha. Akamwosha babake miguu na mikono na uso, angali hai, kama Apollonia mwenyewe alivyostahili kuoshwa kabla hajafunguliwa dirisha. Jost akamwita jina lake kwa sauti, mara moja, mbele ya wote. Ndipo Apollonia akafungua dirisha kwa mkono wake, na mzee akaenda zake. Tangu hapo akina Bechtold wana neno lao: usimfungulie dirisha usiyemwosha. Sisi tulibaki na mzimu.

Nilirudi nyumbani nikilia njia nzima bila kujificha. Kwa sababu kuna jambo sijakuambia. Watoto wangu nao wanaogopa kupita nyuma ya nyumba magharibi ikiingia. Hawamwogopi Bibi tena. Wanamwogopa Mjomba Mandes wa Dirishani. Wanasema walisikia hatua zako. Nami, Mungu anisamehe, nilikutumia wewe kuwalaza mapema.

Baba alikuwa katika hali ile ile. Daktari alisema hataiona Jumapili, Levi akamfungulia dirisha, na Jumapili zimepita zikafuatana, naye yupo. Hali chochote isipokuwa supu kidogo, macho yake hayatoki kwenye lile tundu. Blanketi tatu na bado anatetemeka. Nikakaa kitandani nikamsimulia yote ya Kettie, kuanzia maiti watatu mpaka beseni. Nilipomaliza, jicho lake zima lilikuwa likichuruzika. Akanishika mkono kwa ule mkono wenye nguvu, akaniambia maneno ambayo ilinibidi nimkaribie sana kuyasikia, na sasa nayaweka hapa kama alivyoyatoa.

Alisema hakuna habari yoyote ya kifo aliyoipata Reading. Alikutana pale na mchuuzi wa ng'ombe kutoka kwenu. Mtu yule alikujua vizuri. Alimwambia una shamba, una afya, unavuta kiko, na kwamba ulisema hutakanyaga tena Pennsylvania, hata kwa maziko ya baba yako. Baba aliyasikia hayo amesimama na kamba ya ndama mkononi. Nikamuuliza, kwa nini basi, Baba? Kwa nini ukamuua mbele ya Mama? Akasema, "Nilichoka kungoja, Sabilla. Aliyekufa hangojwi."

Kisha akaniambia kwamba hakufaulu hata hilo. Jioni alikuwa akitoka, sisi tukidhani anakwenda kutazama nguruwe, naye anazunguka nyuma ya nyumba, anaweka kiganja kwenye lile dirisha, anasikiliza. Hatua ambazo watoto wangu walizisikia zilikuwa zake.

Nilikasirika, Mandes. Nilitoka nikaenda kupasua kuni ambazo hatukuzihitaji. Namfikiria Mama na kile kipande cha pai, nami siwezi kumsamehe Baba kwa mara moja. Na wewe pia umo. Ile siku ulipomwambia mbele ya wavunaji kwamba shamba lake ni kaburi, na yeye akakuambia uende basi ukaishi, nyote wawili mlikuwa mnangoja mwenzenu aseme "samahani" kwanza. Mmeingoja miaka kumi na tisa. Vichwa vya Hettrich hata shoka haliingii.

Nilipotulia niliingia nikalifunga dirisha. Levi anasema namtesa mzee. Daktari naye amesema hivyo, kwa maneno marefu zaidi. Nimewajibu wote kwamba mtu huyu hatapita pale mpaka yule mwanawe aliyempitisha bure aje kumwosha. Baba mwenyewe hakubisha. Tangu lifungwe ameacha kutetemeka, amegeuza kichwa, sasa anatazama mlango. Gari la farasi likipita barabarani huniuliza kwa jicho, nami hutikisa kichwa. Jana aliita jina lako kwa sauti, wote tukasikia. Mwanangu mdogo kabisa alijificha nyuma ya sketi yangu, akaniuliza kama Mjomba Mandes ni mtu. Nimemwambia ni mtu, ana kiko.

Katika kitabu cha chama chenu andika kwamba Jost Hettrich alipoteza mke na wavulana wawili, na alikuwa na binti aitwaye Apollonia, ambaye alirudi. Usisahau hilo la mwisho. Jina lako lililo jiweni sijamwambia mchongaji alifute. Utakuja na patasi yako mwenyewe.

Treni inafika Reading, Levi atakungoja huko. Usizunguke nyuma ya nyumba. Njoo mlango wa mbele, gonga kwa nguvu, komeo nimeling'oa. Beseni liko jikoni karibu na jiko, maji nayapasha kila asubuhi. Zabibu ninazo, lakini sijaziloweka.

Wasalimie wote wa kwako ambao sijui majina yao, na Mungu akulinde njiani. Baba anakusalimu, ameniambia niandike hivyo.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Sabilla