Uzi Mwekundu wa Kanga

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Huku Chanji tu wazima, na ulezi umeshaingia ndani.

Unauliza nani alimfundisha kaka yangu kutengeneza ndoano ya manyoya aliyokupa. Ni baba yetu. Mimi alininyima, akasema nitaolewa, niwapelekee wengine ufundi wa kwetu. Basi nikafunga yangu kwa manyoya ya jogoo na uzi mwekundu wa kanga yangu, nikaichanganya na za kaka. Baba akazikokota ziwani nyuma ya mtumbwi, akarudi na samaki, sangala mkubwa, ndoano yangu ikiwa mdomoni. Akaichomoa, akampa kaka: “Shika, zako zote ziwe hivi.”

Kasanga nzima, huko kwetu ziwani, humsifu yeye kwa ndoano hizo, na roho bado inaniuma. Itazame hiyo ndoano yako, pale shingoni mwake manyoya yalipofungwa. Uzi ni mwekundu.

Bibi yako